Utabiri wa teknolojia uwashirikishe wakulima

Mwaka 1973 watafiti wa kituo cha Rothamsted, Uingereza, walitangaza pemethrini, dawa ya wadudu iliyoiga sumu ya ua la pareto lakini isiyoharibiwa upesi na jua. Mkulima wa pareto wa Nyanda za Juu Kusini akajikuta anashindana na kiwanda. Baadaye wanunuzi waliotaka dawa za asili wakairejeshea pareto nafasi.

Mabadiliko ya aina hii ndiyo yanayochunguzwa na taaluma ya kutazamia teknolojia. Si ramli. Katika njia ya Delphi, iliyobuniwa na shirika la RAND la Marekani miaka ya 1950, wataalamu huulizwa maswali bila kujuana, majibu hujumlishwa na kurudishwa kwao, kisha huulizwa tena. Njia nyingine ni kuchora picha kadhaa za kesho, njema na mbaya, na kujiandaa kwa kila moja.

Tatizo ni nani anayeitwa mtaalamu. Mwanafunzi wa utafiti huwakimbilia maprofesa na maofisa. Mfanyabiashara wa Mlandege, Iringa, anayejua nyanya ipi huhimili safari ndani ya tenga na ipi wateja huikataa, husahaulika.

Anayeandika tasnifu kuhusu kilimo cha mwaka 2050 hana budi kuongeza majina ya watu hao katika orodha yake. Mkulima naye, akifikiwa na mwenye dodoso, asiishie kujibu tu. Amuulize: maabara zinaandaa nini kitakachochukua nafasi ya zao langu?