Maswali ya Nyumbani: Kibali cha Mlango wa Banda la Motokaa

Ndugu yetu akaaye Miami, Florida, atuuliza: "Mlango wa banda la motokaa umeoza. Fundi mmoja aniambia nikiacha habari ya kibali, kazi itakwisha Jumamosi kwa bei nafuu. Nyumba ni yangu na mlango ni wangu. Ya nini kuomba ruhusa?"

Jibu: Swali lako ni la haki, wala hapana apendaye kuzungushwa maafisini. Lakini ruhusa hiyo haikuwekwa kwa ajili ya mlango. Iliwekwa kwa ajili ya paa.

Tarehe 24 Agosti 1992 tufani iitwayo Andrew iliipiga Florida ya kusini, ikaharibu kabisa nyumba zaidi ya 25,000. Wataalamu waliokagua mabaki waliona kwamba milango ya mabanda ya motokaa ilikuwa miongoni mwa mambo yaliyoziponza nyumba. Mlango huo ni mpana kupita mingine yote, na tena mwembamba. Ukijipinda ukachomoka katika reli zake, upepo huingia ndani ukalisukuma paa kwenda juu, hali upepo wa nje nao walivuta. Paa likishang'oka, hata kuta zimo hatarini.

Kwa hiyo sheria ya ujenzi iliyoanza kutumika katika jimbo zima tarehe 1 Machi 2002 imezibana zaidi wilaya za Miami-Dade na Broward. Mlango wa kustahimili tufani hujaribiwa kwa kupigwa na ubao wa kilo 4 hivi, uendao kasi ya kilomita 55 kwa saa. Kisha husukumwa na kuvutwa mara nyingi kama ufanyavyo upepo. Ukifaulu, hupewa hati yenye namba, pamoja na michoro ya namna ya kuufunga. Hivyo ndivyo vitakiwavyo katika maombi ya kibali. Baadaye mkaguzi huja kutazama kama reli na skrubu zimewekwa kwa mujibu wa mchoro. Maana mlango imara uliofungwa vibaya hauna tofauti na mlango dhaifu.

Basi fanya hivi. Mtake fundi akuonyeshe leseni yake na namba ya hati ya mlango. Usimmalizie fedha zake kabla mkaguzi hajaridhika. Sheria yamruhusu mwenye nyumba aishiye humo kuomba kibali yeye mwenyewe, lakini hapo dhamana yote ni juu yake. Usikubali fundi asiye na leseni ajifiche nyuma ya jina lako. Wala usizifungue springi za mlango kwa mkono wako. Zina nguvu ya kumvunja mtu mkono.

Wasomaji wa miji mingine ya Marekani na waulize kwanza afisi ya ujenzi ya mji wao, kwani masharti hayafanani.

Nyumba ni yako, ndugu, hilo hatulikatai. Lakini paa ling'okalo halijui mpaka. Huangukia kwa jirani. Kukosa Jumamosi moja si hasara.