Fomu Ikipotea, Asilaumiwe Mwenye Simu

Jumamosi moja jioni, mama anayeuza mboga karibu na steji ya hapa kwetu Lucky Summer aliniita nilipokuwa nikipita. "Mzee, hebu nitazamie simu hii," akasema, "inameza fomu." Alikuwa akijaza ombi la basari ya mwanawe katika tovuti ya taasisi ambayo sitaitaja. Kila alipofika pahali pa kuambatisha cheti cha kuzaliwa, alifungua kamera, akapiga picha, na aliporejea akaikuta fomu tupu, kana kwamba hajaandika hata neno moja. Alikuwa amejaribu mara nne. Fundi wa simu alimshauri afute picha ili apate nafasi, naye akazifuta zote, zikiwemo za mwanawe huyo alipokuwa mchanga. Fomu ikamezwa mara ya tano. Siku ya mwisho ya kupokea maombi ilikuwa Jumatatu.

Ndugu msomaji, yaliyompata mama huyu huwapata wengi, na wengi wao hujilaumu wenyewe au husema simu imeingiwa na virusi. Wala fundi hakuwa mwizi. Alichanganya mambo mawili tu. Simu ina ghala na ina meza. Ghala ndimo zinamokaa picha, nyimbo na programu zilizolala. Meza ni kumbukumbu ya kufanyia kazi, na kila programu iliyo macho sharti ipate nafasi juu yake. Simu ya mama huyu ina meza ya gigabaiti 2, na sehemu kubwa ya hizo huchukuliwa na mfumo endeshi hata kabla mwenyewe hajagusa kitu. Kufuta picha ni kufagia ghala. Meza hubaki ilivyokuwa.

Je, meza ikijaa huwaje? Mfumo wa Android, ambao ndio umo katika simu nyingi za hapa kwetu, kwanza huondoa vitu unavyoweza kuvitoa tena ghalani, kisha hukunja na kubana vilivyosalia. Hayo yasipotosha, huanza kuua programu. Hauui ovyo. Kila programu hupewa alama, na yenye alama ya juu ndiyo hutangulia kufa. Iliyo mbele ya macho yako ina sufuri. Uliyotoka kuiacha punde ina 700. Zilizokaa nyuma bila kazi zina 900 na zaidi. Mfumo wenyewe umejipa alama iliyo chini ya sufuri, yaani hasi 900, ili usifikiwe na panga. Mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake.

Sasa tazama yaliyomfika mama mboga. Alipofungua kamera, ambayo ni mlafi mkubwa wa kumbukumbu, kamera ndiyo iliyokuwa mbele, na fomu yake ikawa kitu kilichoachwa nyuma. Kwa macho ya simu, fomu haikuwa na umuhimu tena. Kwa mama, fomu ndiyo iliyokuwa shughuli yote, na kamera ilikuwa mtumishi tu.

Hata hivyo, sina ugomvi mkubwa na utaratibu huo. Lazima kitu fulani kiondoke, na ni afadhali kiondoke kisichotazamwa. Lakini waliouweka waliuegemeza juu ya ahadi moja: kwamba kilichouawa kitafufuka pale pale kilipoishia. Programu inapoondoka mbele ya macho, mfumo huiarifu, na huo ndio wakati wake wa kuandika pembeni ilikofika. Panga lenyewe likija halibishi hodi. Fomu ya tovuti nayo yaweza kuhifadhi kila jibu mara tu linapoandikwa. Zana za kazi hiyo zipo tangu miaka mingi iliyopita. Kwa hivyo, majibu yakipotea, mwenye kosa ni aliyeunda fomu asiitimize ahadi hiyo.

Mbona hakuitimiza? Nadhani hakuwahi kuliona tatizo. Katika simu ya gigabaiti 8 au 12, fomu na kamera hukaa pamoja kwa raha mustarehe. Aliyeunda fomu aliijaribu katika simu yake, akaona ni nzuri, akaenda zake.

Na simu ndogo si jambo la kupita. Google walitoa Android Go mwaka 2017 kwa ajili ya simu zenye gigabaiti 1 au pungufu. Kiwanda cha kuunganisha simu cha Athi River kilipofunguliwa Oktoba 2023, fahari yake ilikuwa simu ya Sh7,499. Miezi michache kabla ya hapo, mwezi wa Juni, serikali ilikuwa imetangaza kwamba huduma zake zaidi ya 5,000 zinapatikana kupitia eCitizen. Serikali inayotuhimiza tununue simu za bei nafuu, na papo hapo inatuhimiza tutafute huduma katika simu, haina budi kuhakikisha kwamba mambo hayo mawili yanapatana.

Yamewahi kupatana. M-Pesa ilipoanza Machi 2007, haikumuuliza mtu simu yake ina kumbukumbu kiasi gani. Iliishi katika kadi ya simu na katika mitambo ya kampuni, na kisimu cha tochi kilitosha. Hata mgao wa maji wa mwaka 2017, bwawa la Ndakaini lilipopungua, ulikuja na ratiba, nasi tukajua siku ya kujaza mitungi. Mgao wa kumbukumbu hauna ratiba, na mwananchi huujua maji yakishakatika.

Basi pasiwe na fomu ya umma, iwe ya basari, ya matibabu au ya leseni, itakayofunguliwa kabla ya kujazwa toka mwanzo hadi mwisho katika simu ya bei ya chini kabisa iliyoko madukani, kamera na yote. Fomu isiyopita mtihani huo irudishwe kwa aliyeiunda, naye asilipwe mpaka airekebishe. Wauzaji nao wamweleze mnunuzi ukubwa wa meza na ukubwa wa ghala, kila kimoja peke yake, badala ya kumtajia tarakimu moja kubwa.

Jioni ile tulifunga kila kitu, tukapiga picha ya cheti kwanza, ndipo tukafungua fomu na kuichagua picha hiyo kutoka ghalani. Ilipita mara ya kwanza. Mama aliniuliza kama zile picha za mtoto zaweza kurudi. Nilimwambia nitauliza, na bado naendelea kuuliza.