VITABU VYA MAFUNDI WA MAGARI VISIBAKI NYUMA

Mwaka 2011 maelfu ya watu walikwenda Samunge, katika tarafa ya Sale, kunywa kikombe cha dawa cha Mchungaji Ambilikile Mwasapile. Wasomaji wengi wanaikumbuka misururu ya magari iliyojaa njia ile, na magari yaliyoharibika porini. Mzee huyo alifariki mwaka 2021, na misururu imekwisha. Lakini njia ingalipo, na magari ya wagonjwa, ya abiria na ya watalii yangali yakipita. Leo twapenda kusema juu ya jambo linaloonekana dogo mjini, lakini ni kubwa kwa gari lililosimama huko: kitabu cha fundi.

Zamani fundi alitegemea sikio, spana na uzoefu. Land Rover za kale, na Land Cruiser zenye injini ya 1HZ, zilimtii mtu wa namna hiyo, kwani pampu zake hazikungoja amri ya kompyuta. Lakini Land Rover ilileta injini ya Td5 mwaka 1998, na Toyota ikatia injini ya dizeli ya V8 katika Land Cruiser mwaka 2007. Katika magari hayo kompyuta ndiyo inayoamuru dizeli, na fundi hana budi kuwa na mashine ya kuisoma.

Hata hivyo, mashine haitaji ugonjwa. Hutoa nambari tu. P0087 maana yake ni kwamba nguvu ya msukumo wa dizeli imepungua. Je, chujio limeziba? Pampu imechoka? Au sensa yenyewe yadanganya? Hatua za kupima moja baada ya nyingine zimo kitabuni. Tena nambari zinazoanza na P0 zina maana moja kwa magari yote, lakini zile za P1 kila kiwanda huzipa maana yake. Asomaye P1 ya gari hili kwa kitabu cha gari jingine ni sawa na mganga ampaye mgonjwa dawa kwa cheti cha jirani.

Na hasara ni ya nani? Mwenye gari hununua pampu asiyoihitaji, fundi hupoteza jina lake, na gari lililodhaniwa kuwa zima husimama tena usiku, mbali na Engaresero, na ndani yake mna mama mjamzito anayetakiwa kufika hospitali.

Mafundi watasema kwamba vitabu ni ghali, ni vya Kiingereza, na intaneti haishiki kila mahali. Sababu hizo ni za kweli, lakini zina dawa. Kila gereji imchague mtu mmoja awe mtunza vitabu, naye aandike katika daftari jina la mashine, toleo la kitabu na tarehe kilipopatikana. Ukurasa uliobatilishwa upigwe mstari, asije kijana mwanafunzi akaufuata. Wala kitabu cha kale kisitupwe maadamu gari lake lingali barabarani. Kiandikwe tu juu yake ni cha gari gani na cha miaka ipi. Gereji za Karatu zikichanga pamoja, mzigo usiobebeka na mmoja utabebeka na kumi.

Upande wa lugha, tunayo Baraza la Kiswahili la Taifa tangu mwaka 1967, na VETA iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994. Mafundi wenyewe wamekwisha kutupa klachi, gasketi na nozeli. Kilichobaki ni wataalamu kuketi nao, wakatoa maelezo ya nambari hizo kwa lugha ambayo kijana wa Sale aielewa.

Nanyi wenye magari, kabla ya kulipia pampu mpya, ulizeni: kitabu kilichosomwa ni cha gari hili, na ni cha mwaka gani? Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.