Baada ya mashine ya majani chai, sasa dishi linajipanga lenyewe

Mei 2023 mashine za kuvuna majani chai zilichomwa Kericho, watu wakilia zimewala vibarua. Julai hiyo hiyo Starlink ikaanza kuuza intaneti Kenya. Hakuna aliyeandamana. Lakini muulize fundi wa dishi pale Litein au Bomet mjini.

Kuelekeza dishi si kitu. Shughuli ni LNB. Mawimbi ya setilaiti nyingi za TV hushuka yakiwa wima au yamelala, na hapa karibu na Ikweta yaliyotoka juu wima hutufikia karibu yamelala. Lazima uizungushe. Kwa gari la matangazo ya moja kwa moja ni noma zaidi: likiegeshwa kwenye mteremko wa shamba pembe inabadilika, na ukikosea unavuruga chaneli ya mwenzako. Ndiyo maana wenye setilaiti hukupima kwanza kabla ya kukuruhusu hewani.

Starlink hutumia mawimbi yanayojizungusha. Unaweka nje, unawasha, basi. Hata magari mengine ya matangazo sasa yana mota. Fundi anabaki kupanda paa, kuvuta waya na kugawa WiFi kwenye ploti. Ni pesa, sawa, ila kazi hiyo hata jirani anaiweza.