Mkojo Wasema Nini Juu ya Ubongo?

Ndugu msomaji, usikunje uso. Leo tutazungumza juu ya mkojo, tena mkojo wa wazee wetu wanaosahau.

Labda unaye nyumbani: mama mzee aliyekuwa akijua majina ya wajukuu wote, na sasa akuuliza wewe u mtoto wa nani. Asubuhi amekula, saa nne alalamika kwamba amenyimwa chakula. Mara nyingi maradhi hayo ni yale yaitwayo Alzheimer, kwa jina la daktari Mjerumani, Alois Alzheimer, aliyeyaeleza mwaka 1906. Si uchawi, wala si uzee mtupu. Na jamaa wakiisha kuhangaika, hakosi mtu wa kuja na kusema: “Nipeni mkojo wake niupime, kisha nitawauzia vidonge vya kusafisha ubongo.” Kabla hujauza mbuzi, nisikilize.

Maneno ya mtu huyo yana ukweli kidogo ndani yake, na ndiyo maana watu hunaswa.

Ukiacha samli wazi siku nyingi, hewa huiharibu ikanuka. Jambo la namna hiyo hutokea mwilini. Oksijeni tuivutayo hutupa uhai, lakini mwili ukiitumia hutokea vichembe vikali vinavyoshambulia mafuta ya mwili. Mwili unazo njia zake za kuvizima. Vikizidi, uharibifu huanza. Ubongo umo hatarini sana: uzito wake ni kama sehemu 2 tu katika 100 za mwili, lakini hutumia karibu sehemu 20 katika 100 za oksijeni yote, nao una mafuta mengi.

Mwaka 1990 Jason Morrow na Jackson Roberts wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt, Marekani, walieleza vitu viitwavyo isoprostani. Ni mabaki ya mafuta yaliyoharibiwa hivyo, nayo hutoka katika mkojo. Kwa kazi hii mkojo wafaa kuliko damu, maana mafuta ya damu huendelea kuharibika hata ndani ya chupa, yakadanganya kipimo. Tena hapana sindano. Lakini aliyekunywa maji mengi mkojo wake ni mwepesi; kwa hiyo wapimaji hulinganisha isoprostani na kreatinini, takataka ya misuli itokayo kila siku kwa kiasi kisichobadilika sana.

Basi, je, mkojo wa mgonjwa wa Alzheimer una isoprostani nyingi? Hapo wataalamu hawakupatana. Mwaka 2000 Domenico Praticò na wenzake wa Philadelphia walisema ndiyo. Mwaka 2002 Thomas Montine na wenzake wakasema hapana, hawakuona ongezeko katika damu wala katika mkojo, ingawa maji ya uti wa mgongo ya wagonjwa yalikwisha kuonyesha ongezeko.

Mimi sishangai. Mkojo hukusanya mabaki ya mwili mzima, kama mto ukusanyavyo udongo wa vilima vingi. Ukiona maji mekundu huku bondeni, utajuaje ni shamba la nani lililomomonyoka? Mvuta sigara isoprostani zake huongezeka. Mwenye kisukari vilevile.

Na vidonge? Huko Marekani wanaume zaidi ya 7,000 waligawanywa: wengine walipewa vitamini E, wengine madini ya seleniamu, wengine vyote viwili, na wengine vidonge visivyo na dawa. Matokeo yalitolewa mwaka 2017. Vitamini na madini hayo havikuzuia maradhi ya kusahau.

Hata hivyo, kuna kipimo cha mkojo nisichokikataa. Mzee akichanganyikiwa ghafula, jana mzima na leo hajui alipo, usiseme ni uzee. Mpeleke zahanati upesi apimwe malaria, na mkojo wake pia kwa kipimo kile cha kawaida, kwa sababu ugonjwa wa njia ya mkojo huweza kumvuruga mzee akili, nao una dawa. Chukua na dawa zote anazomeza, hata zile za dukani, umwonyeshe daktari.