Samaki yupi wa mtoni ashindaye wote kwa kupigana?

Vijana wakaao karibu na mto hubishana sana juu ya jambo moja: katika samaki wote wa mito na maziwa, yupi ampaye mvuvi wa ndoana kazi kubwa kuliko wengine? Mmoja husema ni kambale, kwa kuwa alivunja ufito wa kaka yake. Mwingine husema ni mbenga, kwa kuwa alikata mshipi akaenda zake. Wote wawili husema kweli, lakini hawasemi juu ya nguvu za namna moja. Basi leo natupime neno hili kwa utaratibu, kila samaki kwa mizani yake.

Nguvu za samaki aliyenaswa ni za namna nne: uzito wa kuvuta, mbio, kuruka, na kudumu bila kuchoka. Hakuna samaki aliyepewa zote kwa kipimo kilicho sawa.

Tuanze na uzito. Hapa kambale ana haki ya kusifiwa, hasa yule mkubwa aitwaye vundu, apatikanaye katika mto Kongo, katika Zambezi na katika ziwa Tanganyika. Aweza kupita kilo 50. Huyu haruki wala hafanyi makelele. Hushuka chini, hujikaza penye mawe na magogo, akamchosha mvuvi kama mtu avutaye gunia la mchanga. Katika ziwa la Kariba wavuvi humtega kwa kipande cha sabuni, naye hukimeza kama chakula kizuri! Tena jamii ya kambale ina kiungo juu ya matamvua kiwawezeshacho kuvuta hewa ya juu. Ndiyo maana mama aliyemnunua sokoni asubuhi humkuta angali akijinyonganyonga kapuni saa sita.

Wa pili ni sangara, ambaye katika Kongo wengi wamwita kapiteni. Yeye aunganisha uzito na kuruka. Akiisha kuchomwa na ndoana hupanda juu, hufunua kinywa kama mlango wa ghala, na kutikisa kichwa kwa nguvu ili aiteme. Mwaka 2000, katika ziwa la Nasser huko Misri, alivuliwa sangara wa kilo 104 kwa ufito na mshipi. Lakini sangara hapendi maji yenye hewa haba, na kwa hiyo hachelewi kuchoka. Mbio zake za kwanza ni za kutisha. Za tatu ni za mzee.

Wa tatu tumtazame mbali, katika mito ya Uskoti na Kanada. Huko wamsifu salmoni. Samaki huyu huzaliwa mtoni, hushuka baharini kukua na kunenepa, kisha hurudi mtoni kuzaa. Tangu aingiapo mtoni haili tena. Aishi kwa mafuta aliyojiwekea mwilini. Kwa akiba hiyo hupanda maporomoko akiruka, na kwa akiba hiyo hiyo hushindana na mvuvi. Katika kudumu, wachache wamfikia.

Wa nne ni wetu, mbenga. Wako wa namna kadhaa. Yule mdogo kidogo akaa katika mito na maziwa mengi ya Afrika. Mkubwa wake aliyeandikwa alivuliwa Kariba mwaka 2001, akapimwa kilo 16. Lakini yule jitu lao akaa katika mto Kongo na mito yake, na katika ziwa Tanganyika. Mwaka 1988 mmoja alivuliwa karibu na Kinshasa, mwenye kilo 44. Meno yake yaonekana hata kinywa kikiwa kimefungwa, nayo hukata mshipi wa nailoni mara moja. Kwa hiyo mvuvi mwenye akili hufunga kipande cha waya wa chuma mbele ya ndoana. Kinywa chake nacho ni mfupa mtupu, na ndoana haipati pa kushika. Mbenga akiruka na kutikisa kichwa, mara nyingi mvuvi hubaki na waya mikononi na mawimbi mbele ya macho.

Je, mwaona mbio zake ni za namna gani? Mwaka 2014 wataalamu wa Afrika Kusini walitoa habari ya mbenga wa namna ile ndogo katika bwawa moja la nchi yao: walikuwa wakiwadaka mbayuwayu warukao karibu na maji, ndege wakiwa bado hewani. Samaki awezaye kumdaka mbayuwayu hashindwi kumstusha mvuvi aliyeketi juu ya mtumbwi! Kwa hiyo tukiziweka mbio, kuruka, meno na ujanja wa kujinasua katika mizani moja, hukumu yetu ni hii: mbenga ndiye bingwa. Kambale na amshinde kwa ukaidi, na salmoni kwa kudumu.

Sasa, ninyi wanafunzi, mwulizeni mama jikoni awape nafasi ya kutazama samaki anapopasuliwa. Karibu na ngozi, ubavuni, mtaona utepe wa nyama nyekundu. Nyingine yote ni nyeupe. Nyama nyekundu hupata damu nyingi, nayo hufanya kazi ya kuogelea polepole mchana kutwa. Nyama nyeupe hufanya kazi ya mbio za ghafula: kumrukia adui, au kumkimbia. Ina nguvu nyingi, lakini haina subira. Ikifanya kazi kwa haraka kuliko damu iwezavyo kuleta oksijeni, huanza kujaa asidi ya laktiki. Tazameni na mkia: mkia wenye panda ndefu, kama wa mbenga, ni mkia wa mkimbiaji, mkia wa mviringo, kama wa kambale, ni wa msukumaji wa taratibu.

Hapo ndipo lilipo jambo kubwa la mazungumzo yetu. Yale tuyaitayo mapigano mazuri, kwa samaki si mchezo. Ni kutoroka kifo, na nguvu anazotumia ni akiba yake ya mwisho. Akivutwa muda mrefu mno, asidi humzidi, na hata akiachiliwa aweza kufa baadaye kidogo kidogo, penye matete, pasipo mtu wa kumwona. Tena katika nchi zetu za joto hatari ni kubwa zaidi, kwa maana maji ya moto yashika oksijeni haba: maji ya nyuzi 30 yana pungufu ya theluthi moja hivi kuliko maji ya nyuzi 10. Naye sangara akivutwa upesi kutoka kilindini, kibofu chake cha hewa huvimba, na kurudi chini hawezi.

Wako wavuvi wa kujifurahisha wasemao kwamba ustadi ni kutumia mshipi mwembamba sana, ili samaki apigane saa nzima na sifa iwe kubwa. Mimi sikubaliani nao. Mshipi mwembamba hurefusha mateso. Na ukikatika, samaki huenda na ndoana mdomoni na waya ukining'inia. Amheshimuye kweli samaki mwenye nguvu huja na mshipi wenye nguvu, humaliza kazi upesi, kisha huamua mara moja: ni wa chungu, au ni wa kurudi majini? Akiwa wa chungu, apigwe kichwani papo hapo, asiachwe akihema juani. Akiwa wa kurudi, ashikwe kwa mikono iliyoloweshwa maji, ndoana itolewe kwa koleo, naye ashikiliwe majini kichwa kikielekea mkondo mpaka aondoke kwa nguvu zake mwenyewe. Vidole viwe mbali na kinywa cha mbenga, hata kama aonekana amekufa!

Wafikirini Wagenia wa Kisangani. Wao husimamisha miti mikubwa penye maporomoko, hufunga vikapu vyenye vinywa vipana, na kuviacha vikabiliane na maji yaendayo kasi. Samaki huletwa na mto wenyewe. Hapo hakuna anayehesabu dakika za mapigano, wala hakuna anayepiga makofi. Watoto hula, na wengine hupata karo ya shule. Kazi yao haipungukiwi na heshima kwa sababu samaki hakuruka mara kumi.

Sisemi kwamba kuvua kwa ufito ni vibaya. Ni mafunzo mazuri ya subira: kumwacha samaki akimbie anapotaka kukimbia, na kuvuta anapolegea. Subira yavuta heri, wazee walisema, na mvuvi wa ndoana ajua maana ya neno hilo mikononi mwake. Lakini kijana akirudi nyumbani na kusema, “Leo nimepigana na mbenga,” baba na amwulize swali moja la zaidi: “Naye yuko wapi sasa?” Jibu likiwa, “Yu chunguni,” au, “Alirudi majini akiogelea vizuri,” basi na asifiwe. Jibu likiwa, “Sijui, nilimtupa kando,” huyo bado hajafundishwa kuvua.