Waliosoma pia wananaswa

Mwandishi, hapo uliposema wanaodanganywa na wahubiri ni wasiosoma nakataa. Kule Shakahola, ambako miili zaidi ya 400 ya wafuasi wa mhubiri Mackenzie ilifukuliwa kuanzia Aprili 2023, walikuwamo waliosoma na wenye kazi nzuri. Mackenzie alianza kwa kuhubiri dhidi ya shule na hospitali, agizo la kufunga hadi kufa njaa likaja baadaye. Huku kwetu Sigalagala shangazi yangu, mwalimu mstaafu, aliambiwa na mhubiri mmoja kwamba kumeza dawa ya presha ni kukosa imani. Tembe tulizikuta zimefichwa kwenye kopo la majani chai, na sadaka ya “mbegu” anamtumia mhubiri huyo kwa M-Pesa kila Ijumaa. Na ninyi mnaotaka serikali ifunge makanisa, mtafunga lipi? Huyo mhubiri wa shangazi hana hata jengo, anahubiri kwa simu usiku.